DKMS kwenye seva ya duka la dawa: nyota nne, na sababu zake

Wengi wanaitumia DKMS bila kujua: ni programu ya Linux inayojenga upya draiva (programu ya kuendesha kifaa) kila kerneli, yaani kiini cha mfumo, inapobadilishwa. Ukiweka VirtualBox kwenye Ubuntu, au draiva ya NVIDIA ya aina ya dkms, imo humo inafanya kazi kimyakimya. Mimi naizungumzia kwa kazi moja tu: kuhakikisha kadi ya mtandao ya seva haipotei kila kerneli ya Linux inapopandishwa. Nimeitumia kwa zaidi ya mwaka kwenye seva mbili za mteja wangu mmoja hapa Tanga, mama mwenye duka la dawa Ngamiani, na naipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyoipunguza nitaieleza.

Seva yenyewe ni kompyuta ya mezani tu, imewekwa Ubuntu Server 22.04, iko kwenye kichumba nyuma ya stoo. Inatunza hesabu ya dawa zilizoingia na zilizotoka, na inahudumia mashine tatu za dirishani. Tundu la mtandao la kwenye ubao mama liliharibiwa na radi, kwa hiyo mwaka 2022 nilinunua Kariakoo kadi ya mtandao ya 2.5G (gigabiti 2.5 kwa sekunde) kwa shilingi 65,000. Jina la kampuni siliandiki, kwa sababu kadi kama kadi haijawahi kunisumbua. Tatizo lilikuwa draiva. Ile iliyokuja na kerneli 5.15 haikuitambua chipu ya kadi hii, hivyo ilibidi nipakue msimbo wa mtengenezaji, niujenge kwa amri ya make, kisha niuweke kwa make install. Ikafanya kazi.

Ila draiva ya namna hiyo inajengwa kwa kerneli moja tu. Kila kerneli ina folda yake ndani ya /lib/modules, na moduli (faili la draiva) uliyoiweka kwenye folda ya kerneli ya jana haihami kwenda kwenye folda ya kerneli ya leo. Ikija kerneli mpya, hata ile ndogo ya marekebisho ya usalama, unaanza upya. Kwa miaka miwili nilikuwa nafanya hivyo kwa mkono: nazuia kerneli isipandishwe kwa apt-mark hold, nikipata nafasi naiachia, nawasha upya seva, najenga draiva nikiwa nimesimama mbele ya mashine, naondoka.

Mwishoni mwa 2024 tukanunua mashine ya akiba. Yenyewe ilihitaji kerneli mpya zaidi, nikataka zote mbili zifanane. Jumamosi jioni nikaweka kwenye seva ya zamani kifurushi cha linux-generic-hwe-22.04, kinacholeta kerneli 6.8. Duka lilikuwa bado linauza, foleni imefika mlangoni, kwa hiyo sikuwasha upya. Nikapanga Jumapili mchana, baada ya duka kufungwa, nije nifanye kazi yangu ya kawaida.

Usiku ule umeme ukakatika. UPS ikavumilia ilivyoweza, ikaisha. Umeme uliporudi alfajiri seva ikajiwasha yenyewe, kama nilivyokuwa nimeipangia, na ikajiwasha kwa kerneli mpya.

Saa mbili kasoro asubuhi simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mashine za dirishani zimegoma zote tatu. Kuna mtu hapa anataka insulini na sijui zimebaki ngapi wala zinaisha muda lini. Njoo."

Nilijaribu kuingia kwenye seva kutoka nyumbani, haikujibu. Nikachukua bajaji. Insulini yenyewe alikuwa ameshampa yule mteja, baada ya kufungua friji na kuhesabu kwa mkono, lakini watu walikuwa wanazidi kujaa na kila risiti ilikuwa inaandikwa kwa kalamu.

Nilichomeka skrini na kibodi. Taa ya kijani kwenye tundu la kadi ilikuwa inawaka vizuri, waya mzima, swichi nzima. Nikaandika ip link: ikaonekana lo peke yake, ile ya ndani ya mashine yenyewe. Nikaandika lspci -nnk: kadi ipo kwenye orodha, jina lake lipo, nambari zake zipo, ila ule mstari wa chini unaotaja draiva inayotumika haupo. Ukiona hivyo usihangaike na waya wala netplan (mpangilio wa mtandao wa Ubuntu). Vyuma viko sawa, kerneli ndiyo haina draiva ya kuviendesha.

Folda ya msimbo bado ilikuwepo, nikaandika make. Ikakataa palepale, inalalamikia kigezo kinachoitwa -ftrivial-auto-var-init=zero. Sababu yake ni kwamba kerneli 6.8 ya Ubuntu 22.04 imejengwa kwa gcc-12 (gcc ndiyo programu inayogeuza msimbo kuwa draiva), wakati gcc ya kawaida ya toleo hilo ni 11, na 11 haikijui kigezo hicho. Ili nipate gcc-12 nahitaji mtandao. Ili nipate mtandao nahitaji gcc-12.

Njia ya kutoka hapo ilikuwa kurudi nyuma. Niliwasha upya, nikabonyeza Esc mpaka GRUB, menyu ya kuwashia mfumo, ikatokea, nikaingia kwenye orodha ya kerneli nyingine, nikachagua 5.15. Kerneli ya zamani ilikuwa bado ipo na moduli yake ipo. Dakika mbili baadaye mashine za dirishani zikarudi. Kama una seva ya mtu, usiifute kerneli ya zamani mpaka mpya imekaa wiki kadhaa bila tatizo. Na kama umeshaifuta, chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, na kerneli itaiona simu kama kadi ya mtandao bila kuongeza chochote. Unaiandikia mistari michache kwenye netplan, unapata intaneti ya kupakulia unachohitaji. Nimeshaitumia njia hiyo kwa mteja mwingine.

Jumapili hiyo mchana, duka limefungwa, nikakaa chini na DKMS.

DKMS ilianzishwa na wahandisi wa Linux wa Dell mwaka 2003, na ni programu huria. Wazo lake ni rahisi: badala ya kuhifadhi draiva iliyokwisha kujengwa, unahifadhi msimbo wake ndani ya /usr/src, pamoja na faili fupi la dkms.conf linaloeleza jina la draiva, toleo lake na jinsi ya kuijenga. Humo unaweka pia mstari wa AUTOINSTALL="yes". Toka hapo, kerneli mpya ikiwekwa na apt (programu ya Ubuntu ya kuweka vifurushi), DKMS inaitwa, inaijenga draiva kwa ajili ya kerneli hiyo, na inaiweka mahali pake kabla hujawasha upya. Niliiandika dkms.conf yangu kwa mistari sita.

Jambo lililonivutia kuliko yote ni kwamba unaweza kujenga draiva ya kerneli ambayo hujaiwasha. Nilikuwa ndani ya 5.15, mtandao unafanya kazi, nikaiambia dkms install pamoja na -k na jina kamili la kerneli 6.8. Zile safari zangu zote za kuwasha kwanza, kukosa mtandao, halafu kujenga, hazikuwa na ulazima. Na gcc-12 sikuitafuta mwenyewe, kwani kifurushi cha dkms kwenye 22.04 iliyosasishwa kinakuja nayo.

Mara ya kwanza ilishindwa. Ikasema ujenzi umekataa na ikanielekeza kwenye make.log ndani ya /var/lib/dkms. Hapa ndipo nilipoelewa mpaka wa kazi ya chombo hiki. Msimbo wangu ulikuwa wa 2022, na wanaoiandika Linux hawajawahi kuahidi kwamba mambo ya ndani ya kerneli yatabaki vilevile. Kati ya 5.15 na 6.8 yalibadilika mengi kwa upande wa mtandao. Toleo 5.17 lilizuia draiva kuandika anwani ya kadi moja kwa moja kwenye dev_addr. Toleo 6.1 liliipunguzia amri ya ndani ya kerneli, netif_napi_add, kigezo kimoja. Toleo 6.8 likaifuta kabisa nyingine, strlcpy. Makosa yote matatu yalikuwa kwenye make.log yangu, moja chini ya jingine, na nambari za mistari. DKMS inajenga ulichoipa. Msimbo ukiwa mzee, haitaufanya kuwa mpya.

Nikapakua toleo jipya la msimbo wa mtengenezaji, nikaondoa la zamani kwa dkms remove, nikaongeza jipya. Likajengeka. Nikaandika dkms status na kuona mistari miwili, mmoja wa 5.15 na mmoja wa 6.8, yote miwili imeishia na neno installed. Nikawasha upya nikiwa nimeshika pumzi. Kadi ikaja. Nikachomoa skrini, nikampigia mama kumwambia Jumatatu afungue kama kawaida.

Toka siku hiyo kerneli imepanda mara nyingi kwenye seva zile na sijajenga draiva kwa mkono hata mara moja. Kwa hili chombo kinastahili sifa zake zote.

Sasa niiseme hiyo nyota moja. DKMS ikikosa kitu inachohitaji, haipigi kelele za kutosha. Inahitaji heda (faili za kujengea draiva) za kerneli ile mpya, na heda ni kifurushi tofauti na kerneli yenyewe. Kwenye mashine ya akiba nilikuwa nimeweka heda za kerneli moja tu, ile iliyokuwepo siku hiyo, badala ya kifurushi cha jumla kinachofuatana na kila kerneli. Kerneli iliyofuata ilipokuja, DKMS ikaandika kwamba heda hazikupatikana, na ujumbe huo ukapita katikati ya mistari mingi ya apt iliyoendelea na kumaliza kazi yake vizuri tu. Kama nisingekuwa na mazoea ya kuangalia dkms status kabla ya kuwasha upya, ningerudia Jumapili ileile. Kwa Ubuntu 22.04 yenye kerneli ya HWE (ile mpya zaidi, kama 6.8), kifurushi cha kuweka ni linux-headers-generic-hwe-22.04. Kwa kerneli ya kawaida ni linux-headers-generic. Kiweke kabla ya DKMS yenyewe.

Lingine si kosa lake, ila litakukuta. Mashine ya akiba ina Secure Boot, na kerneli hapo inakataa moduli isiyo na sahihi inayoaminika. DKMS inaweza kusaini, lakini ufunguo wake lazima uukubalishe kwa mokutil --import, uweke neno la siri, kisha ukiwasha upya uwe mbele ya mashine ulithibitishe kwenye skrini ya bluu inayotokea kabla ya kerneli. Ni mara moja tu, lakini lazima uwepo. Kwa seva iliyo Handeni na wewe uko Tanga mjini, hiyo ni safari, kwa hiyo ifanye siku unayoifunga seva.

Wapo watakaosema seva haipaswi kuwa na gcc na zana za kujengea msimbo. Kwa benki nakubaliana nao. Kwa duka la dawa lenye mashine tatu na fundi mmoja, naona draiva inayojijenga ina faida kubwa kuliko hasara hiyo.

Na bado, ukiniuliza leo ununue nini, nitakwambia ununue kadi isiyohitaji DKMS kabisa. Mwaka jana nilipata Kariakoo kadi ya Intel I350 yenye matundu mawili, mtumba, kwa shilingi 90,000. Draiva yake ni igb na imo ndani ya kerneli yenyewe. Wanapobadilisha kitu kama netif_napi_add, wanairekebisha na igb katika kazi ileile, maana msimbo wote uko sehemu moja. Niliichomeka, nikabadilisha jina la kadi kwenye netplan, basi. Kasi ni 1G badala ya 2.5G, na kwa hesabu ya stoo hakuna aliyeona tofauti. Kabla hujalipa, muombe muuzaji akuruhusu uichomeke kwenye kompyuta iliyowashwa kwa diski ya USB ya Ubuntu, uandike lspci -nnk. Ukiuona ule mstari wa draiva inayotumika bila kuweka chochote, toa pesa. Wauzaji wawili walinikatalia, wa tatu akanipa hadi kiti.

Kadi ya 2.5G nimeihamishia kwenye mashine ya akiba, na huko DKMS inaendelea na kazi. Mashine hiyo haibebi mauzo, hivyo naiachia kerneli mpya iingie kwake kwanza, naangalia dkms status, naiwasha upya, naipa siku tatu. Ndipo naigusa ile ya dukani. Kijana wa mama, aliyemaliza kidato cha sita, nimemfundisha kusoma ile mistari ya status, na kila Ijumaa jioni ananitumia picha yake kwa WhatsApp. Ya wiki iliyopita ilikuwa na kerneli mbili, zote installed, na chini yake ameandika: "Kaka, zipo salama, niwashe upya?"