Kikapu cha milulu alichonisukia mama mkwe

Mama mkwe alinitumia kikapu cha milulu, zile nyasi za kusukia, kwa basi kutoka Iringa. Nilitamani begi la dukani, nikakiweka juu ya kabati miezi mitatu. Sasa naenda nacho sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, kila Jumamosi: kinabeba viazi kilo 8 bila kulegea, msuko umekaza kweli. Mshikio mmoja tu unakwaruza kiganja. Kikilowa, kianike kivulini.

Juzi mume wangu akaniambia kwamba mama yake, na macho yake yale yasiyoona vizuri, alikisuka usiku akiniombea kila mzunguko. Nililia. Yesu aliziona senti mbili za mjane hekaluni. Mimi sikuona kikapu kizima. Nikampigia mama mkwe, nikamsalimu kwa Kihehe: “Kamwene mama, asante kwa kikapu.” Akauliza, “Kinatosha viazi, mwanangu?”