Juste la fin du monde: Nyumba ya Maneno Mengi

Louis, mwandishi wa tamthilia mwenye umri wa miaka 34, anarudi kwao baada ya kutoonekana kwa miaka 12, akiwa na habari moja ya kuwapa mama yake na nduguze: kwamba anakaribia kufa. Hicho ndicho kisa chote cha Juste la fin du monde, filamu ya Kifaransa ya mwaka 2016 iliyoongozwa na Xavier Dolan wa Quebec, Kanada. Mtazamaji hupewa siri hiyo mapema, Louis akiwa bado safarini, na tangu hapo hubaki akingoja atakapoitoa, huku kila anapofungua kinywa mtu mwingine akiwahi kusema lake.

Chimbuko lake ni tamthilia ya Jean-Luc Lagarce, aliyeiandika mwaka 1990, akiwa anaishi na virusi vya UKIMWI, na akafariki mwaka 1995 akiwa na miaka 38. Wahusika wake huanza sentensi, wakaikatiza, wakaisahihisha, wakairudia kwa neno jingine, kana kwamba wanaogopa kushikwa na walichokisema. Dolan ameuhifadhi usemaji huo kwa kiasi kikubwa, na nadhani alifanya vyema, kwa kuwa ugomvi wa familia hii haumo katika mambo yanayosemwa bali katika hofu ya kuyasema.

Waongozaji wengi wanapohamisha tamthilia kwenye sinema hukimbilia kuwatoa wahusika nje, wapate mandhari na watu wa pembeni. Dolan amefanya kinyume. Filamu hukaa zaidi ndani ya nyumba, mchana mmoja wa joto, na kamera ya André Turpin huzisogelea nyuso hata vyumba vikakaribia kutoweka. Mtazamaji wa safu za nyuma katika ukumbi wa tamthilia hawezi kuona kope ikitetemeka; hapa anaiona, na mara nyingi kope hiyo inakanusha maneno yanayotoka kinywani wakati huohuo. Hii ndiyo sababu hasa ya tamthilia hii kustahili kuwa filamu.

Gaspard Ulliel, anayemwigiza Louis, hutamka maneno machache kuliko wote, lakini ndiye anayeibeba filamu kwa namna anavyosikiliza. Alipata César, tuzo ya filamu ya Ufaransa, ya mwigizaji bora wa kiume mwaka 2017, na tangu alipofariki Januari 2022 baada ya ajali ya kuteleza kwenye theluji, ni vigumu kuutazama uso wake humu bila majonzi. Nathalie Baye ni mama mwenye vipodozi vingi, anayeonekana mwepesi hadi anapokaa faraghani na mwanawe na kumsihi awatie moyo nduguze. Marion Cotillard, kama Catherine, shemeji ambaye Louis hajapata kumwona, anababaika katika kila sentensi, na bado ndiye wa kwanza kuhisi kilichomleta mgeni. Wengine ni damu yake na hawamwoni. Vincent Cassel, kama Antoine, nduguye Louis, ana ukali unaochosha, mpaka anapopanda gari pamoja na Louis. Hapo hasira yake inageuka kuwa maumivu ya ndugu aliyeachwa na ambaye hakuwahi kuulizwa lolote, nami nilijikuta nikiwa upande wake.

Kasoro zipo. Kumbukumbu za utotoni na ujanani zinazopambwa kwa muziki wa sauti ya juu zinaikatiza pumzi ya filamu, na mfano wa ndege anayepapatika ndani ya nyumba mwishoni unamweleza mtazamaji jambo alilokwisha kulielewa. Filamu ilipopewa Grand Prix, tuzo ya pili kwa ukubwa, katika Tamasha la Filamu la Cannes, wahakiki kadhaa hawakuridhika, wakilalamikia makelele yake. Makelele hayo nayatetea, kwa sababu watu hawa wakinyamaza, Louis atapata nafasi ya kusema, na hicho ndicho wasichoweza kukistahimili. Anayetafuta kisa chenye mikasa aiache. Anayependa uigizaji aitazame, tena kwa mfululizo mmoja, bila kusimamisha.