TAHADHARI: Sindano za Shure zinazouzwa kama "mpya kutoka kiwandani"

Wapenzi wa santuri, kuna muuzaji mtandaoni anayeuza N44-7, ile sindano ya katriji (kile kifaa kidogo mwishoni mwa mkono wa kinanda cha santuri kinachoshika sindano) ya kampuni ya Shure, modeli M44-7, akidai imetoka kiwandani hivi karibuni. Msinunue. Shure walitangaza mwaka 2018 kwamba wanaacha kutengeneza katriji na sindano, na wakaacha kweli. Sindano halisi zilizopo ni za akiba ya zamani, basi. Anayekuambia yake ni ya juzi anakudanganya mchana kweupe.

Niliyotumiwa ninayo hapa mezani. Boksi limeigwa vizuri mno, hata maandishi hayatii shaka. Weka sasa lenzi ya kukuza: kijiti kinachobeba ncha kimepinda upande mmoja, gundi imerundikana pale ncha iliposhikizwa, na ukiitazama kwa mbele, ncha yenyewe imelala badala ya kusimama wima. Niliijaribu kwenye santuri chakavu. Kila mwimbaji akitamka "s" inakwaruza, na spika ya kushoto inaizidi ya kulia. Uzito ambao mkono unaigandamizia sindano kwenye santuri niliupima kwa mizani ndogo ya kidijitali: gramu 2, wakati M44-7 inataka gramu 1.5 hadi 3. Nikainyoosha katriji upya kwa karatasi ya vipimo, ile inayoonyesha kama imekaa sawa kwenye mkono. Hali ileile. Muuzaji akanijibu kuwa sijui kufunga, kisha akanizuia nisimwandikie tena.

Pesa inauma, lakini kinachonikasirisha zaidi ni santuri. Ncha mbovu inakula kuta za mfereji wa santuri ambamo sindano hupita, na mfereji ukishaliwa hakuna fundi wa kuurudisha. Mtu anaweza kuharibu santuri alizoachiwa na wazazi wake huku akidhani amezinunulia kitu kizuri!

Kama unahitaji sindano ya M44-7, wapo wanaotengeneza mbadala kwa jina lao wenyewe, mfano Jico wa Japani. Hao hawamfichi mtu kitu. Ukisisitiza ya Shure, mdai muuzaji picha za karibu za ncha, kwa mbele na kwa ubavuni, za sindano ileile atakayokutumia. Huyu wangu alikuwa na picha za boksi tu.

Na kama umeshauziwa, usiiguse santuri yoyote unayoipenda. Piga picha za ncha, tunza boksi na ujumbe wote mlioandikiana, ufungue madai kule ulikolipia kabla muda wa kurudishiwa pesa haujapita.