TAHADHARI: Anauza vitabu vya michoro ya ndege za vita vyenye saini za marehemu

Wapenzi wa vitabu vya zamani, kaeni macho. Kuna jamaa anazunguka kwenye magulio ya mtandaoni na vitabu vikubwa vya michoro ya rangi ya Vita Kuu ya Pili: marubani na ndege kama Spitfire, Hurricane, Messerschmitt. Mimi kanipiga laki na themanini. Jina na namba ya simu anabadilisha kama shati, kwa hiyo mjueni kwa kazi yake.

Ugonjwa wangu wa ndege ulianza niliposoma kwamba Roald Dahl, yule wa hadithi za watoto, alikuwa mfanyakazi wa Shell hapa hapa Dar kabla ya kujiunga na jeshi la anga la Uingereza kule Nairobi mwaka 1939. Miaka miwili baadaye alikuwa anarusha Hurricane Ugiriki. Basi nilipoona tangazo la kitabu cha michoro ya mapambano ya angani ya 1940, "kimesainiwa na Douglas Bader mwenyewe", nikachanganyikiwa. Bader, rubani wa kivita wa Uingereza, alikatwa miguu yote miwili baada ya ajali ya ndege ya 1931, akarudi kupigana kwa miguu ya bandia. Nani asingetaka saini yake?

Dalili nilizipuuza mwenyewe. Nilimuuliza ndege ya jaladani ni ipi, akajibu Spitfire. Ilikuwa Hurricane! Spitfire ina mabawa yaliyojipinda kama yai. Hurricane ina nundu mgongoni. Nikasema labda ni dalali tu, haya mambo hayajui.

Kitabu kikaja kwa basi, kimefungwa vizuri, na cheti cha uhalisi juu yake. (Cheti hicho mtu mwenye printa anakitoa nyumbani kabla chai haijapoa.) Nikafungua ukurasa wa haki za kunakili: ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, ya tarakimu 13. Utaratibu huo ulianza mwaka 2007; kabla ya hapo ISBN ilikuwa na tarakimu 10. Bader alifariki Septemba 1982. Msichanganye na namba iliyo chini ya ile mistari myeusi ya kuskani (barcode) kwenye jalada la nyuma, maana hiyo hata vitabu vya kabla ya 2007 vinaweza kuwa nayo yenye tarakimu 13. Tazameni ndani.

Nikachukua lenzi ya kukuzia. Wino wa kalamu huonekana mstari mmoja ulioshikana, na mara nyingi karatasi hubonyea kidogo. Saini ya kwenye kitabu changu ilikuwa vidoti vya rangi mbalimbali vilivyopangana. Imechapwa.

Nikahesabu na kurasa. Kutoka 46 inarukia 49, na kishina cha karatasi iliyokatwa kwa wembe kimebaki kwenye mshono. Wiki mbili baadaye nikaona mchoro ule ule uliokosekana kwenye kitabu changu, umetiwa fremu, anauuza kama "toleo maalumu lenye saini ya mchoraji". Saini ile iko ndani ya picha yenyewe, kila nakala inayo! Mchoraji anayesaini picha iliyochapwa kwa mkono wake kwa kawaida husaini kwa penseli, pembeni chini ya picha.

Rafiki yangu yeye hata kitabu hakukiona. Aliambiwa mzigo umetoka Uingereza umekwama forodhani, aongeze elfu sitini kwa namba ya mtu binafsi. Kodi ya serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba, haitumwi kwa simu ya mtu.

Kabla hujatuma hela, mwombe picha ya ukurasa wa haki za kunakili na ya saini kwa karibu, pembeni pawe na karatasi yenye tarehe ya leo. Ukiweza, lipa ukishakiona kwa macho.

Polisi nimesharipoti, na ujumbe wa miamala nimeutunza. Aliyepigwa na huyu anitafute, twende pamoja. Nilipomwandikia kwamba Bader alikufa 1982 alinijibu, "Labda alisaini mapema, bosi." Kisha akanibloku.