Tathmini ya Corsair CX550: pawa saplai ya kompyuta ya kazi

Kompyuta ninayoitumia kuhariri video za harusi hapa Dar es Salaam ilianza kuzima ghafla, tena si wakati wowote, bali pale tu kazi ilipopamba moto. Kuandika barua au kutazama filamu hakukuisumbua hata kidogo, lakini kila nilipoanza kutoa (export) video ndefu iliyohaririwa, prosesa na kadi ya picha zikitaka umeme mwingi kwa pamoja, skrini ilizimika na feni zikanyamaza kana kwamba mtu amechomoa waya ukutani. Dalili ya namna hiyo ndiyo inayomwelekeza fundi makini kwenye pawa saplai, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa ule unaotumiwa na sehemu za kompyuta, kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa tatizo la programu au la RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) mara nyingi huacha ujumbe kwenye skrini au huigandisha kompyuta.

Hata hivyo, dalili peke yake haitoshi kumfanya mtu atoe fedha mfukoni. Nilihakikisha kwanza kuwa prosesa haichemki, nikabadili soketi ya ukutani na waya wa umeme, kisha nikachukua multimita. Kipimo chenyewe si kigumu: ncha nyeusi huingizwa penye waya mweusi wa kiunganishi cha pini nne kisichotumika, na ncha nyekundu penye waya wa njano, huku kompyuta ikiwa inafanya kazi. Viwango vya ATX, vinavyofuatwa na pawa saplai za kawaida za kompyuta za mezani, vinaruhusu laini ya volti 12, yaani ile ya waya wa njano, ipande au ishuke kwa asilimia 5, yaani ibaki kati ya 11.4 na 12.6. Yangu ilisoma 11.9 ikiwa imetulia. Nilipoanza kutoa video ikateremka hadi 11.2, na muda mfupi baadaye mashine ikazima. Mafundi wengi hutumia njia ya kuunganisha tundu namba 16, lenye waya wa kijani, la kiunganishi kikubwa na tundu la waya mweusi ili kuona kama feni itazunguka, lakini njia hiyo huthibitisha tu kwamba kifaa kinawaka. Haisemi lolote kuhusu uwezo wake wa kubeba mzigo. Kukifungua kifaa chenyewe ili kutazama kapasita (vipande vinavyohifadhi umeme) zilizovimba sikushauri, maana kapasita kubwa za ndani huweza kuhifadhi umeme wa hatari hata baada ya waya kuchomolewa.

Pawa saplai ya zamani niliyoitoa ilikuwa imeandikwa wati 500 kwa herufi kubwa, lakini jedwali dogo la ubavuni lilionyesha ampea 18 tu kwenye laini ya volti 12. Zidisha 12 kwa 18 upate wati 216, na hizo ndizo wati zenye maana, kwa sababu prosesa na kadi ya picha za siku hizi hutegemea laini hiyo karibu kwa kila kitu. Anayenunua pawa saplai Kariakoo au kwingineko asome jedwali hilo kabla ya kusoma kitu kingine chochote kwenye boksi.

Badala yake niliweka Corsair CX550. Ina uwezo wa wati 550, na sehemu kubwa ya uwezo huo inapatikana kwenye laini ya volti 12. Kompyuta yangu ina prosesa ya Ryzen 5 3600 na kadi ya picha ya GTX 1660 Super, ambayo NVIDIA, mbunifu wake, inashauri iwe na pawa saplai ya wati 450, hivyo hapa pamebaki nafasi ya kutosha bila kununua kubwa kupita kiasi. Nilirudia kipimo kilekile kwa video ileile: ilisoma 12.1 ikiwa imetulia na 12.0 chini ya mzigo, na mashine haikuzima. Kwangu mimi hiyo ndiyo tathmini yote, na mengine ni nyongeza.

Nyongeza zenyewe ni hizi. Cheti cha 80 Plus Bronze, kwa vipimo vya volti 115, kinadai ufanisi usiopungua asilimia 85 kwenye nusu ya mzigo, na umeme unaopotea ndio unaogeuka joto. Katika chumba kisicho na kiyoyozi, joto hilo si jambo la kupuuza. Feni yake ya milimita 120 husikika kidogo tu kazi inapozidi. Nyaya zote ni nyeusi, hivyo aliyezoea kutafuta waya wa kijani atalazimika kuhesabu matundu. Nyaya hizo pia hazichomoki, na zile zisizo na kazi inabidi zifungwe na kufichwa ndani ya kasha. Wengi huliona hilo kuwa kasoro. Mimi naliona kuwa na faida yake, kwa kuwa nyaya zinazochomoka hazilingani kutoka aina moja hadi nyingine, na fundi mwenye haraka akichanganya anaweza kuunguza diski.

Bei yake ni kubwa kuliko zile zisizo na jina, na dhamana ya mtengenezaji ni miaka 5. Dhamana hiyo, hata hivyo, haina faida kubwa bila risiti, na ni vizuri kumuuliza muuzaji kabla ya kulipa ni nani atakayeipokea ikiharibika. Isitoshe, CX550 haizuii athari za umeme kukatika. UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika, bado inahitajika, na kwa kuwa pawa saplai za kiwango hiki husawazisha zenyewe namna zinavyovuta umeme, baadhi ya UPS za bei nafuu hushindwa kuelewana nazo zinapohamia kwenye betri. Ijaribu UPS yako kwa kuzima swichi ya ukutani kabla hujaanza kazi ya mteja.

Mwenye kompyuta ndogo ya ofisini iliyotumika, kama vile Dell OptiPlex, asiikimbilie. Nyingi kati ya hizo zina madabodi (bodi kuu za kompyuta) yenye viunganishi vya pekee, na kasha lake mara nyingi halina nafasi ya pawa saplai yenye upana wa milimita 150 na kimo cha 86. Kwake, ni afadhali atafute ya modeli ileile kwa kufuata namba iliyobandikwa kwenye ile ya zamani.