Tiba shufaa ya nyumbani, Mbagala: siku 19 za mama

Nilijiahidi kuandika haya msiba ukiisha, kwa kuwa mimi nilipohangaika kutafuta maelezo kwa Kiswahili niliambulia patupu.

Mama alikuwa na saratani ya ovari iliyokwisha kusambaa tumboni. Mwezi wa tano utumbo ukaziba. Tumbo likamjaa kama ngoma, choo hakuna, hata hewa haitoki, na kila anachokunywa kinarudi. Ilifika mahali anatapika kitu cha kahawia chenye harufu ya choo kabisa. Hospitali tuliyoanzia, siitaji, walimpa metoklopramidi ya kuzuia kutapika, na kila akichomwa anajikunja kwa msokoto huku analia. Daktari wa upasuaji akatuambia hawezi kumfungua: uvimbe umebana utumbo sehemu nyingi na tumbo lina maji. Tukapewa ruhusa, mama na mpira wake puani wa kutolea majimaji ya tumboni.

Jirani ndiye aliyetuelekeza kwa timu ya tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mwenye ugonjwa mzito, inayofuata wagonjwa majumbani. Sista alipofika hakuanza na faili. Alikaa mkekani, "Shikamoo bibi," akamshika mkono, kisha akamuuliza alijamba lini mara ya mwisho. Mama alicheka. Sikuwa nimekisikia kicheko kile wiki nzima.

Metoklopramidi aliifuta palepale. Dawa ile husukuma utumbo, na utumbo uliofunga kabisa ukisukumwa huzidi kusokota. Akaweka mofini ya maumivu, haloperidoli ya kichefuchefu, na Buscopan ya kulegeza msokoto na kukausha majimaji yanayojaa utumboni. Akaongeza deksamethazoni, kujaribu kupunguza kuvimba kwa utumbo pale ulipobanwa. Zote za sindano, maana vidonge vingerudi tu. Alimchoma kisindano cha kipepeo chini ya ngozi, karibu na bega, akakibandika plasta, akanifundisha kusukuma dawa mwenyewe. Siku mbili za mwanzo mkono ulinitetemeka. Nilimuuliza kuhusu oktreotidi, dawa nyingine ya kupunguza majimaji ya utumboni. Akasema wazi kwamba ni dawa nzuri lakini ghali, tuangalie kwanza hii inafika wapi.

Siku ya nne mfuko wa mpira uliokuwa unajaa zaidi ya lita ulitoa kikombe tu. Sista akautoa mpira. Alituonya kuwa kutapika hakutaisha kabisa, na kweli, mama alitapika mara moja kwa siku, siku nyingine hakuna. Lakini alilala usingizi! Na akanyonya barafu za ubuyu, zile za mia mia za watoto, kidogo kidogo, kwa ruhusa ya sista. Kinywa tulikisafisha kwa kitambaa laini na maji yenye baking soda kidogo, ile ya kupikia.

Kasoro yao ni usiku. Jumamosi moja saa nane usiku kipepeo kilichomoka, simu ikaita bila kupokelewa, na mama akaugulia hadi saa mbili asubuhi. Kwa wagonjwa wa hali hii hilo si dogo. Angalau wangetuachia kipepeo cha akiba na kutuelekeza namna ya kukiweka.

Ziara hawakututoza, tulinunua sindano na baadhi ya dawa. Nawapa nyota nne.

Mama alifariki siku ya 19, alfajiri, kitandani kwake. Ukiambiwa upasuaji hauwezekani, omba barua ya rufaa ya tiba shufaa siku hiyohiyo, ukiwa bado wodini. Sisi tulichelewa siku sita.