GCC au Clang kwa kujenga vifurushi huria: uzoefu wangu

GCC na Clang ni kompaila, yaani programu zinazogeuza msimbo wa C na C++ kuwa programu inayoendeshwa. Nikijenga kifurushi kwenye Debian au Ubuntu (mifumo ya Linux) naanza na GCC. Kwenye FreeBSD, mfumo mwingine huria, naanza na Clang. Sababu si kasi. Kompaila ambayo mfumo wenyewe umejengwa nayo ndiyo iliyokwisha kujaribiwa na sehemu kubwa ya programu zilizomo, na viraka vyake vipo tayari. FreeBSD ilihamia Clang katika toleo la 10, mwaka 2014, baada ya kubaki muda mrefu na GCC 4.2.1, toleo la mwisho lililokuwa chini ya leseni ya GPLv2.

Watu hubishana sana kuhusu jina la kompaila, lakini kinachovunja vifurushi vya zamani mara nyingi ni namba ya toleo. Tangu GCC 10, kigeu cha jumla kilichotangazwa bila `extern` ndani ya faili la .h huleta kosa la "multiple definition" wakati wa kuunganisha. Swichi (chaguo unalompa kompaila) ya `-fcommon` hurudisha tabia ya zamani. Clang 16 na GCC 14 zilikataa kabisa kuita funksheni isiyotangazwa, jambo ambalo zamani lilikuwa onyo tu. GCC 15 nayo huchukua C23, toleo jipya la lugha ya C, kama kawaida, hivyo programu inayojitengenezea aina yake ya `bool` hukwama. Hapo naongeza `-std=gnu17` kwenye `CFLAGS` (orodha ya swichi za kompaila ya C), na kifurushi hupita.

Hatari kubwa kuliko makosa haya yote ni ile isiyotoa kosa. Hati za `configure` (zinazoandaa ujenzi) za zamani hupima uwezo wa mfumo kwa vijiprogramu vidogo, na vingi huita `exit()` bila kuweka `stdlib.h`. Kompaila mpya hukataa kijiprogramu hicho, `configure` hudhani mfumo hauna kitu kilichokuwa kinapimwa, na kazi huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Unapata programu iliyokamilika lakini iliyopungukiwa uwezo. Ndiyo maana siamini kujenga mara moja tu. Fungua folda mbili ndani ya folda ya msimbo, katika moja endesha

`../configure CC=gcc CXX=g++`

na katika nyingine

`../configure CC=clang CXX=clang++`

kisha linganisha faili mbili za `config.h`, zenye matokeo ya vipimo, kwa `diff`. Mstari wowote unaotofautiana utafute ndani ya `config.log`, utaona kijiprogramu kilichokataliwa na sababu yake. Kama kompaila zote mbili ni mpya, zinaweza kukosea pamoja, kwa hiyo tafuta pia maneno "implicit declaration" na "undeclared function" humo humo. Dawa halisi ni kurekebisha `configure.ac`, chanzo cha hati hiyo, na kuendesha `autoreconf -fi` ili `configure` itengenezwe upya. Kuzima kosa kwa swichi ni msaada wa muda.

Hapa ndipo Clang inapostahili sifa, hata pale ambapo kifurushi cha mwisho kitatoka kwa GCC. Hukataa baadhi ya nyongeza za GCC ambazo si za C, kama funksheni ndani ya funksheni, na hivyo hukuonyesha msimbo usiohamishika kwenda mifumo mingine.

Kwa C++, Clang kwenye Linux kwa kawaida hutumia libstdc++, maktaba ya msingi ya C++ ya GCC, isipoambiwa vinginevyo, kwa hiyo maktaba zilizopo huungana nayo vizuri. Ukiongeza `-stdlib=libc++` (maktaba ya namna hiyo ya upande wa Clang), majina ya ndani hubadilika kuwa `std::__1`, na maktaba za C++ za mfumo hazitaungana na kazi yako. Usiiweke bila sababu. Vilevile usichanganye faili za `-flto` (uboreshaji unaofanywa wakati wa kuunganisha) za kompaila hizi mbili. Kukusanya faili kuwa maktaba, tumia `gcc-ar` na GCC, `llvm-ar` na Clang.

Kwa CMake, zana nyingine ya kuandaa ujenzi, kubadilisha `CC` ndani ya folda iliyokwisha kutumika hakufanyi kitu, kwani chaguo la kwanza limehifadhiwa kwenye `CMakeCache.txt`. Anza na folda tupu.

Ujumbe wa "Killed signal terminated program cc1plus" maana yake kwa kawaida ni kwamba RAM imekwisha. Kwa C++ nzito nahesabu takriban GB 2 kwa kila kazi, hivyo mashine ya GB 8 naipa `-j4` (kazi nne kwa wakati mmoja) hata kama ina viini vinane.

Programu ikishajengwa, kabla `strip` haijaondoa taarifa za ziada, `readelf -p .comment` ikifuatwa na jina la faili itakuonyesha kompaila zilizotumika, pamoja na matoleo yake.